Chatu mpira mgeni nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kumtuliza na kumlisha, kwa wafugaji wa Arusha na Moshi

Maswali mengi tunayoletewa huanza na "chatu wangu hali chakula". Mara nyingi panya anayepewa hana kosa. Joto liko chini, au nyoka hana mahali pa kujificha, au anashikwashikwa tangu siku aliyofika. Kwa hiyo hata kama kilichokuleta hapa ni chakula, pitia kwanza majibu ya kizimba na joto.

Huyu ni chatu yuleyule wa porini kwetu?

Hapana. Chatu mpira, kwa jina la kisayansi Python regius, asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, kuanzia Senegali hadi Uganda. Hapatikani porini Tanzania. Chatu wetu wa mabondeni na kando ya mito hupita mita 3 kwa kawaida, wakati jike mkubwa wa chatu mpira huishia mita 1.2 hadi 1.5 na dume huwa mfupi zaidi. Hana sumu. Akiogopa hujiviringa na kuficha kichwa katikati.

Jiandae kukaa naye muda mrefu: miaka 20 hadi 30 ni kawaida akitunzwa vizuri. Mwaka 2020, jike mmoja katika bustani ya wanyama ya St. Louis, Marekani, alitaga mayai akiwa na umri uliokadiriwa kupita miaka 60.

Nahitaji kibali?

Ndiyo. Kufuga mnyamapori kunasimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na chatu wote wako kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Ulizia utaratibu TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) kabla ya kulipa hela kwa muuzaji yeyote, na usimpokee nyoka asiye na karatasi. Usiokote chatu wa shambani ukadhani utamfuga kwa maelekezo ya ukurasa huu. Akionekana, toa taarifa kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya.

Kizimba kiwe na nini kabla hajafika?

Kiwe kimewaka na kutulia kwenye joto sahihi kwa saa 24 kabla nyoka hajaingia. Kumnunua leo na kutafuta balbu kesho ni kumwanzishia matatizo.

Kwa chatu mchanga, kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, urefu wa sentimita 60 na upana wa 40, linatosha. Toboa matundu pembeni kwa msumari uliopashwa moto, safu mbili kila upande, kisha lainisha kingo. Mkubwa anahitaji kizimba cha takriban sentimita 120 kwa 60 kwa 60. Fundi seremala yeyote anaweza kukitengeneza kwa mbao na kioo cha kuteleza mbele, lakini mwambie asipake vanishi ndani siku mbili kabla ya nyoka kuingia. Harufu lazima iishe kabisa, na hilo huchukua wiki kadhaa.

Weka maficho mawili yanayofanana, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi. Ukiweka moja tu, nyoka atalazimika kuchagua kati ya usalama na joto, na atachagua usalama hata kama anapoa. Maficho mazuri yanambana, mgongo wake unagusa paa. Chungu cha maua kilichokatwa mlango mmoja mdogo kinafaa sana, ila sugua kingo kwa msasa.

Chini tandika karatasi kwa miezi miwili ya kwanza, hata kama haipendezi macho. Kwenye karatasi utaona choo, damu, utitiri na matapishi mara moja. Baadaye hamia kwenye makumbi ya nazi yaliyosagwa. Maranda ya seremala yaache: vumbi lake na mafuta ya mbao zenye harufu kali huumiza njia ya hewa.

Bakuli la maji liwe zito, lisiloweza kupinduliwa. Mfuniko ufungwe kwa klipu au kufuli, maana chatu mpira husukuma kwa pua usiku kucha mpaka apate upenyo.

Joto liwe nyuzi ngapi, na nitalipataje Arusha mwezi wa saba?

Upande wa joto, sakafuni ndani ya maficho: nyuzi 31 hadi 33. Upande wa baridi: 25 hadi 27. Usiku usishuke chini ya 24. Arusha iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, na usiku wa Juni hadi Agosti nje hufika nyuzi 12 au 13. Nyumba nyingi hazina hita, kwa hiyo chumba nacho hupoa sana kabla ya alfajiri. Nyoka hazalishi joto lake mwenyewe. Kwenye nyuzi 20 tumbo lake karibu limesimama, na hatakula, kwa sababu mwili wake unajua hautaweza kumeng'enya.

Huna haja ya kuagiza vifaa vyote nje. Maduka ya vifaa vya kuku yana karibu kila kitu. Thamostati (kifaa kinachowasha na kukata joto chenyewe) ya kidijitali ya mashine ya kutotolesha vifaranga inafanya kazi hii vizuri kabisa, na kipima unyevu cha mashine hiyohiyo pia. Chanzo cha joto kinaweza kuwa mkeka wa joto chini ya theluthi moja ya kizimba, au kipasha joto cha kauri kinachofungwa kwenye soketi ya porcelaini. Balbu nyekundu ya kulelea vifaranga inaweza kusaidia kwa dharura, lakini huangaza usiku na hukausha hewa. Chochote kinachoning'inia ndani kizungushie wavu wa chuma, kwa sababu nyoka atakizunguka na kuungua bila kujitoa.

Chanzo chochote cha joto lazima kipite kwenye thamostati. Mkeka usio na thamostati unaweza kupita nyuzi 45 chini ya karatasi, na majeraha ya tumbo huonekana siku kadhaa baadaye, magamba yakiwa yamebadilika rangi. Kihisio cha thamostati kifungwe palepale penye joto, kwenye sakafu ya maficho, kisining'inie hewani. Halafu hakikisha kwa kipimajoto cha pili kinachojitegemea. Vipimajoto vya duara vya kubandika ukutani vinadanganya kwa nyuzi 3 au 4, usivitegemee.

Wakati wa baridi, kizimba kiwe mbali na dirisha na kiinuliwe kutoka kwenye sakafu ya saruji. Bandika shiti la thamokoli (povu gumu jeupe la kufungashia vifaa) nyuma na pembeni. Joto litakaa, na Luku haitakwisha haraka.

Moshi hakuna baridi hiyo. Bado nahitaji joto?

Usiku ndiyo, hasa Juni hadi Agosti. Ila hatari kubwa ya Moshi ni Januari na Februari, mchana unapopita nyuzi 30, na chumba chenye bati bila dari kinapanda zaidi ya hapo. Kizimba kizima kikizidi nyuzi 35 nyoka yuko hatarini. Kihamishie chumba chenye dari, chini, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Thamostati ikikata joto bado upande wa baridi uko 32, tafuta chumba kingine. Kumnyunyizia maji hakutoshi.

Unyevu je?

Asilimia 55 hadi 65, na 70 akikaribia kujivua gamba. Ukipasha joto wakati wa kiangazi, unyevu hushuka haraka. Sogeza bakuli la maji karibu na upande wa joto, funika sehemu ya matundu ya juu, na mwagia maji tabaka la chini la makumbi huku la juu likibaki kavu. Kulaza nyoka juu ya kitu kinachochuruzika kunamletea malengelenge tumboni.

Wiki ya kwanza nifanye nini?

Kama anasafirishwa kwa basi kutoka Dar, awe kwenye mfuko wa pamba uliofungwa fundo, ndani ya boksi lenye matundu, akikaa na abiria na si kwenye buti. Asilishwe siku tatu hadi tano kabla ya safari.

Akifika, mpime uzito kwenye mizani ya jikoni ya kidijitali (bakuli lenye mfuniko, toa uzito wa bakuli), andika tarehe na gramu, mweke ndani ya maficho ya upande wa joto, funga. Basi. Siku sita zinazofuata unabadilisha maji na kusoma vipimajoto, hakuna kingine. Usimtoe kuonyesha wageni. Kizimba chenye kioo pande zote kifunike kwa shuka pande tatu. Akikaa maficho mchana kutwa ujue ametulia, huyu ni mnyama wa usiku.

Mlo wa kwanza upewe lini, na kiasi gani?

Siku ya saba, jioni, taa za chumba zikiwa zimepunguzwa. Muulize muuzaji alikuwa anakula nini, panya wa aina gani, hai au aliyegandishwa, kila baada ya siku ngapi. Mlo wa kwanza ufanane na huo, hata kama unapanga kubadilisha baadaye.

Kwa ukubwa, fuata uzito. Chatu asiyefika gramu 500 apewe panya mwenye asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Aliyetoka kwenye yai ana gramu 50 hadi 80, kwa hiyo anahitaji panya wa gramu 6 hadi 10: kitoto cha panya mdogo mweupe aliyeanza kurukaruka, au kitoto cha panya mkubwa mweupe anayeanza kuota manyoya. Akipita gramu 500 punguza polepole hadi asilimia 5 au 7. Kwa kupima kwa macho, panya asizidi unene wa nyoka pale alipo mnene kuliko kote.

Kuhusu siku: chini ya gramu 200, kila siku 5 hadi 7. Gramu 200 hadi 500, kila siku 7 hadi 10. Hadi kilo moja, kila wiki mbili. Mkubwa kabisa, kila wiki 3 au 4. Kumlisha mkubwa kila wiki kunamnenepesha, mafuta yanazunguka ini, na siku moja anagoma kwa miezi.

Panya aliyegandishwa anaandaliwaje?

Mtoe kwenye friza asubuhi, mwache ayeyuke kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa. Jioni mtumbukize na mfuko wake kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 15 hadi 20. Bonyeza tumbo, lisiwe na ubaridi katikati. Dakika mbili za mwisho tumia maji ya moto zaidi kwa kichwa tu, kwa sababu chatu ana vishimo kwenye mdomo wa juu vinavyohisi joto, na hushambulia kinachong'aa kwa joto hilo. Kichwa kiwe kama nyuzi 38. Mkaushe vizuri. Maikrowevu usitumie: hupika nje, ndani bado barafu, na tumbo hupasuka.

Mshike panya kwa kibano kirefu, angalau sentimita 30, kwenye ngozi ya nyuma ya shingo. Mlete taratibu mlangoni mwa maficho, umbali wa kiganja, mtikise kidogo kama anayetembea. Usimgonge nyoka puani. Ulimi ukianza kutoka haraka na shingo ikajikunja kama herufi S, tulia mkono. Akishika na kujiviringa, achia kibano, ondoka chumbani. Wengi huacha mlo kwa sababu mtu amebaki ameinama juu yao na simu anarekodi.

Panya waliogandishwa wakae kwenye chombo chao chenye mfuniko, wasichanganyike na nyama ya familia, na watumike ndani ya miezi sita. Umeme ukikatika wakayeyuka kabisa, usiwagandishe tena.

Naweza kumpa panya hai?

Unaweza, lakini hatushauri. Panya mkubwa humtafuna chatu asiye na njaa mpaka mfupa uonekane, na chatu hujiviringa tu bila kujitetea. Ukilazimika, ukae hapohapo, na baada ya dakika 15 mtoe panya. Usiache usiku kucha. Ukifuga panya mwenyewe, dume mmoja na majike matatu wanatosha kulisha nyoka wawili. Mimba ni kama wiki tatu, na watoto wanaacha kunyonya wakiwa na wiki tatu nyingine. Jifunze kwa mtaalamu namna ya kuwaua haraka bila maumivu. Kumtia panya hai kwenye friza ni ukatili.

Panya niliyemtega nyumbani au shambani?

Usimpe kamwe. Sumu za panya zinazouzwa kila kona hazimuui palepale. Panya hutembea siku kadhaa akiwa na sumu mwilini, na dalili huzioni. Ongeza minyoo, kupe na viroboto. Hakuna namna ya kumsafisha panya wa aina hiyo akawa salama.

Amekataa kula. Nifanyeje?

Kwanza usimjaribishe tena kesho yake. Kila jaribio lililoshindikana linamfundisha kwamba kibano ni adui. Subiri siku 5 hadi 7, na katika siku hizo kagua kwa mpangilio huu.

Pima joto la sakafu ya maficho ya upande wa joto, saa kumi na moja alfajiri, si saa nane mchana. Hapo ndipo kosa la Arusha hujitokeza mara nyingi: mchana kizimba kinasoma 32, alfajiri kinasoma 23. Pima tena kwa kipimajoto kingine.

Kisha angalia maficho. Kama chungu ni kikubwa na mlango wake mpana, nyoka anajiona yuko uwanjani. Jaza pembeni karatasi zilizokunjwa mpaka pabaki nafasi yake tu. Halafu jiulize nani anamshika. Ndani ya nyumba yenye watoto, jibu la "hakuna" lihakiki.

Tazama macho. Yakiwa na rangi ya maziwa au bluu na ngozi imefifia, anajiandaa kujivua gamba. Wengi hawali kipindi hicho. Subiri ajivue, mpe baada ya siku mbili.

Kama hayo yote yako sawa na bado anagoma, ndipo ubadilishe mlo, jambo moja kwa kila jaribio. Pasha kichwa cha panya zaidi. Mpe saa tatu au nne usiku, giza. Mwache panya aliyekufa mlangoni mwa maficho, funika kizimba chote kwa shuka, umtoe asubuhi. Sugua panya mkubwa kwa matandiko yaliyotoka kwenye kizimba cha panya wadogo, kama alizoea hao. Au mpe mdogo kuliko kawaida; chatu mwoga hukubali kitoto akamkataa mkubwa.

Usimlazimishe kwa kumsukumia panya mdomoni. Hiyo ni kazi ya daktari, na hufikiriwa mwisho kabisa.

Chatu mpira mwenye afya anaweza kugoma miezi kadhaa, hasa dume aliyepevuka, na asidhurike. Kinachoamua ni mizani. Mpime kila wiki mbili, bila kumchezea. Mkubwa aliyepungua chini ya asilimia 10 mwache. Akizidi hapo, au mgongo ukiota ncha kama paa la nyumba, mpeleke kwa daktari. Kwa mchanga wa chini ya gramu 100 usisubiri miezi: wiki 4 bila mlo zinatosha kuomba msaada.

Vifaranga wa siku moja ni rahisi kupata. Wanafaa?

Mara mojamoja, hasa kumwamsha mgomaji. Porini naye hula ndege. Lakini choo huwa laini na kinanuka, na akizoea anaweza kuwakataa panya. Wasiwe mlo wa kila siku.

Ametapika mlo. Kwa nini?

Sababu tatu zinaongoza: alishikwa kabla ya saa 48 kupita, joto lilishuka akiwa na chakula tumboni, au panya alikuwa mkubwa mno. Safisha kila kitu, mpe maji, usimpe chakula kwa siku 14. Matapishi hutoka na asidi nyingi, na koo linahitaji kupona. Rudi na panya wa nusu ya ukubwa wa kawaida. Akitapika mara ya pili, ni daktari.

Umeme umekatika. Nifanye nini?

Saa tatu au nne hazina shida. Funika kizimba kwa blanketi nzito. Zikizidi, jaza chupa za plastiki maji ya moto unayoweza kuyashika bila kuungua, zifunge taulo, weka mbili upande wa joto, badilisha kila saa mbili. Jiko la mkaa lisiingie chumba hicho, moshi wake usioonekana unaua nyoka na watu. Ukijua umeme utakatika kesho, ahirisha mlo. Nyoka mwenye njaa huvumilia usiku wa nyuzi 20, lakini mwenye panya tumboni chakula kinamwozea.

Nimeona vidudu vyeusi kwenye maji.

Ni utitiri. Hukaa chini ya magamba, pembeni mwa macho na kwenye mfereji wa kidevu, na nyoka hujilaza ndani ya bakuli kutwa nzima. Choma karatasi zote, osha kizimba kwa maji ya moto na sabuni, na muone daktari kwa dawa. Usitumie dawa ya kuogeshea ng'ombe au mbwa, hata kidogo, hata ukiizimua kwa maji. Ngozi ya nyoka huifyonza na mishipa ya fahamu hudhurika. Kama una nyoka mwingine, mgeni akae chumba tofauti siku 90, na umhudumie wa mwisho.

Gamba limetoka vipandevipande.

Unyevu ulikuwa mdogo. Mweke ndani ya kontena lenye taulo lililolowa na kukamuliwa, nyuzi 28 hivi, dakika 30, kisha apite mwenyewe kati ya mikunjo ya taulo. Kipande kilichobaki juu ya jicho usikibandue kwa kucha.

Lini naanza kumshika, na watoto je?

Akishakula milo mitatu mfululizo bila kukataa. Anza na dakika 10, mara mbili kwa wiki, ukimshika katikati ya mwili na mkono mwingine chini. Usimshike saa 48 baada ya mlo. Mikono ioshwe kwa sabuni kila mara, kwani nyoka hubeba bakteria wa salmonela hata akiwa mzima. Watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito wasimshike. Vyombo vyake havioshwi kwenye sinki la jikoni.

Kama umepanga, mweleze mwenye nyumba na majirani mapema na uwaonyeshe kufuli. Watu wengi humhusisha chatu na uchawi wa utajiri, na nyoka aliyetoroka akakutwa uani na mtu asiyejua lolote atapigwa mawe kabla hujafika. Akipotea, tafuta kwanza ndani ya chumba kilekile: nyuma ya friji, chini ya kochi, ndani ya viatu, nyuma ya kabati linalogusa ukuta wenye joto. Ziba chini ya mlango kwa kanga, nyunyiza unga wa ngano mstari mwembamba kando ya kuta, asubuhi ufuate alama.

Dalili zipi zinanipeleka kwa daktari leoleo?

Mdomo unaobaki wazi, mapovu au ute puani, sauti ya kukoroma akipumua, kichwa kilichoinuliwa juu kwa muda mrefu, uvimbe mgumu, jeraha la kuungua, au kushindwa kujigeuza akilazwa chali. Daktari wa mifugo wa kawaida huenda hajatibu nyoka wengi, kwa hiyo mpigie kwanza umuulize. Meserani Snake Park, nje kidogo ya Arusha kwenye barabara ya Dodoma, ina watu waliozoea nyoka na inaweza kukuelekeza. Nenda na daftari lako: uzito kwa tarehe, milo, joto la mchana na alfajiri. Chukua pia choo cha karibuni kwenye kopo safi lenye mfuniko, na nyoka ndani ya mfuko wa pamba, boksini, pamoja na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa taulo.